Mabawa ya Ratili Arobaini

Kaka Arvid, mkaidi wangu,

Theluji ya kwanza imeanguka huku kambini, na mbwa wako ameniibia soksi tena. Sasa nisikilize kabla hujaikunja barua hii.

Unasema unaacha kuwinda kwa sababu bega, tangu wautoe ule uvimbe, haliwezi kuvuta upinde wa ratili sitini. Upuuzi! Nyie wanaume mnanunua pinde nzito zinazowatetemesha, mshale unakwenda kombo, kulungu anakimbia na jeraha, halafu mnajisifu kwa ratili!

Nilikwenda kwa fundi Dahlgren nikaagiza upinde wa kufunguliwa, ule ambao mabawa yake, zile pande mbili zinazopinda, hutoka kwenye mpini na kubadilishwa.

"Mabawa ya ratili ngapi?" akauliza.

"Arobaini."

"Mama wee! Arvid atanitupia huo upinde. Atasema ni wa watoto."

"Kwa kulungu wa karibu na ncha yenye makali, arobaini zinatosha au hazitoshi?"

"Zinatosha," akakubali, akikuna kidevu. "Bega likipona, nitamfungia mabawa mazito kwenye mpini uleule."

Likipona. Daktari hakuniahidi, nami siwezi kukuahidi.

Nikamwambia atengeneze pinde mbili zinazofanana.

"Wa pili wa nani?"

"Wangu."

"Marlys, wewe unavuta hamsini na tano! Bega lako lina nini?"

"Halina kitu. Sitaki kaka yangu awe peke yake mwenye upinde mwepesi kambini."

Njoo Jumamosi. Atakayecheka atatucheka sote wawili.

Mdogo wako anayekupenda na kukugombeza,
Marlys