Kichwa Nilichokinyoa Leo

Uko wapi wewe? Soma yote kabla hujanipigia.

Leo asubuhi alinipigia mteja mgeni kuulizia kama nimefungua. Namba nikaisevu "Mteja Rasta", maana alipofika alikuwa na rasta mpaka mgongoni na ndevu mpaka kifuani. Akasema, "Fundi, ondoa zote." ZOTE! Nikaondoa.

Nampangusa shingo, mara simu zote za kinyozini zikalia kwa mpigo. Hata yake. Tangazo la polisi: anatafutwa aliyempiga askari risasi. Na picha. Ndugu yangu, rasta zile zile nimezikanyaga!

Akanitazama kwenye kioo. "Fundi, unamjua huyu?"

Nikasema simjui. Akacheka, akalipa, akaondoka.

Sasa sikia balaa. Si unajua kila kichwa nikimaliza nakipiga picha naweka status? Yeye nilishamweka kabla simu hazijalia. Sura yake mpya hakuna mwenye nayo ila mimi.

Nimefungua niwatumie polisi. Walioiona ni wawili tu: wewe na Mteja Rasta.

Ameniandikia sasa hivi: "Fundi, nani mwingine ameiona?"