Mshairi Aliyempendeza Baba

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako anayekukumbuka kila akiona kiti chako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na lile jiko lako la gesi halijakulipua. Sisi huku tu wazima, ila naandika mbiombio, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usiniulize nimekunywa nini. Nilitaka kukupigia simu. Mara mbili nimebonyeza namba yako na mara mbili nimekata kabla haijaita. Kuna jambo limetokea humu ndani jana alasiri, na mpaka sasa nimepigwa na butwaa. Nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikikumwagia lote kwa mkupuo hutaniamini.

Unamjua Baba na vitabu vyake. Tumekua tukimwona akirudi kutoka kiwanda cha uchapaji, macho mekundu kwa kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, kutwa nzima, na bado akivua viatu tu anashika kitabu. Zamani zile kwake halikuwapo shairi lisilo na vina na mizani. Alihesabu kwa vidole, na mshororo ukipungua silabi moja alikunja uso kama aliyetafuna kijiwe. Mashairi huru aliyaita habari za gazeti zilizokatwa kwa mkasi. Mama alipofariki akahamia riwaya za upelelezi, akisema angalau humo mtu akifa hupatikana wa kulaumiwa. Nawe ulipoondoka, miaka kumi na moja sasa, aliziacha hizo pia akawa anasoma historia tu, tena ya vita. Hakutaka kuulizwa kwa nini, na mimi nani nimuulize?

Kisha macho yakaanza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, apasuliwe. Baba akasema hakuna kisu kitakachosogelea uso wake, akakaa hivyo miaka sita. Mimi ndiye nikawa macho yake. Kila siku saa kumi nilifunika cherehani, nikanawa mikono, nikamsomea. Usione ilikuwa raha! Vita vilimpa usingizi. Nikirudi kwenye mashairi yake ya zamani, aliinua mkono kabla sijamaliza ubeti, akaniambia kina kinachokuja anakijua, niweke chini. Vitabu vyote vya nyumba hii vilikwisha ladha. Siku moja, kwa kuchoka, nikachomoa kitu kutoka chini ya sanduku la vitambaa nikamsomea. Hakikuwa na vina wala mizani. Nilisubiri matusi. Baba hakuinua mkono, akaniomba nirudie.

Basi ikawa hicho hicho, miaka mitatu. Aliniuliza ni kitabu cha nani. Nikamdanganya kwamba nimeazimwa na mteja wangu wa magauni, jalada limechanika, jina la mshairi halionekani. Akasema aliyelichana afungwe jela. Alikariri mashairi kumi na manne, mdogo wangu! Alimsomea kwa kichwa hata yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, aliyebishana naye tangu ujana juu ya mashairi huru. Mwalimu alitoka hapa akiniuliza pembeni kama mzee anaumwa. Alilolipenda kuliko yote ni lile la mtu anayenawa wino bombani kila jioni, wino hautoki, anamnyanyua mwanawe kwa viwiko ili asimchafulie shati la shule. Baba akasema huyo kijana bila shaka alilelewa na baba mwema. Nilikimbilia jikoni nikalia, nikarudi nikamwambia nilikuwa nakatakata vitunguu.

Mwezi uliopita akanishangaza tena. Akasema yuko tayari kupasuliwa, kwa sababu hataki kufa hajamsoma mshairi wake kwa macho yake. Akapasuliwa, namshukuru Mungu ikaenda salama. Walipomfungua bandeji na kumwonyesha lile bango la herufi ukutani, akazisoma zote, kisha akamlalamikia daktari kwamba aliyezipanga hajui kazi. Tulipofika nyumbani hakuuliza chakula, aliuliza kitabu. Nikasema mwenyewe amekichukua. Akataka aende kwa mwenyewe. Nikasema amesafiri. Hapo akapanga na mwalimu wazunguke maduka ya vitabu mpaka wampate mshairi huyo, na daktari alishakataza jua na vumbi kabisa. Jana nilimkuta mlangoni na fimbo, kofia kichwani. Uongo ukaniishia. Nikaenda kwenye sanduku.

Sasa nisikilize, na ukitaka kunitukana, maliza kwanza kusoma. Lile daftari lako sikulichoma. Siku ile Baba alipolipitisha kalamu nyekundu toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akakusomea makosa yako mezani wageni wakicheka, ulinitupia daftari ukaniambia nilitie moto. Nikakuapia baadaye kwamba limekuwa majivu. Nilisema uongo. Nilishindwa, ndugu yangu, ilikuwa kama kukuchoma wewe. Na tena nimelisoma bila ruhusa yako, kwa sauti, kwa mtu uliyesema hutaki alisikie tena. Siku ile alihesabu silabi tu, maneno yenyewe hakuyasikia, ndiyo maana hakuyatambua. Mshairi wa Baba ni wewe.

Nilimkabidhi daftari. Alilipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akalifungua. Akauona wino mwekundu. Akauona mwandiko wake. Jamani, nimeona watu wakipewa habari za misiba, lakini sijaona mtu akishtuka vile. Alilifunga, akalifungua tena palepale, kama vile huenda mara ya pili pangekuwa na kitu kingine. Midomo ilikuwa inasoma lile shairi kwa kichwa na macho yanaona alivyolikatakata. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. Akaomba kalamu nyeusi, nikasema moyoni basi leo anamalizia kuliua.

Akaketi dirishani. Nilipopeleka chai nikachungulia begani. Unakumbuka alivyotueleza kazi ya kiwandani? Msahihishaji akifuta neno kisha akagundua aliyekosea ni yeye, huweka vitone chini ya neno lile na pembeni huandika "ibaki", ili mpanga herufi asiliguse. Hicho ndicho alichokuwa akifanya. Neno kwa neno, ukurasa baada ya ukurasa. Ibaki. Ibaki. Ibaki. Alipofika kwenye bomba na wino alisimama, akaitazama mikono yake, akaniuliza ni kweli alikuwa akikubeba kwa viwiko. Nikamwambia ni kweli, mpaka ulipomzidi uzito. Chai ilipoa, hakuigusa.

Ukurasa wa mwisho ameuacha. Pale chini ndipo alipoandika kwamba mwandishi hana kipaji, atafute kazi nyingine. Nilimwuliza mbona hilo halifuti. Akasema hilo si lake kulifuta, ni la mwenye daftari, na kalamu ameiweka juu ya daftari, mezani. Kulituma kwa posta hataki. Akaniagiza nikuandikie kwamba ana aibu. Nimeliandika kama alivyolisema, sikuongeza wala sikupunguza.

Mimi sikulazimishi. Una haki ya kukasirika na Baba, na sasa una haki ya kunikasirikia mimi pia. Msalimie sana mkeo, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao wasiyemjua ila kwa sauti ya simu. Mwalimu naye anakusalimu. Tangu jana amekuja mara tatu kuuliza kama ni kweli.

Naomba niishie hapa, nikawahi posta. Leo asubuhi Baba ameoga, amevaa lile shati lake la kutokea, amekaa mlangoni anatazama njia. Nikamwuliza anakwenda wapi, akasema haendi popote. Nikamwambia hata barua yenyewe sijaimaliza. Akasema anajua.

Ni mimi akupendaye,
Dada yako