Wavu Ulioinuliwa Mapema

Karibu na Visiwa vya Orkney Kusini, Antaktika,
9 Machi.

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumaini goti limepoa na dada Torbjørg anakukaripia kila ukitaka kupanda paani kuondoa theluji. Mimi ni mzima, nakula vizuri, hata suruali zimeanza kunibana. Ile jibini ya kahawia nimeificha chini ya kitanda, maana wenzangu hawana adabu mbele ya jibini.

Najua unachotaka kusikia kwanza. Umeshautangazia mji mzima wa Sandefjord kwamba msimu huu ukiisha binti yako atakuwa nahodha. Aslak, nahodha wetu anayestaafu, aliniahidi hivyo, mradi meli ijae krili, hawa kamba wadogo tunaowavua. Mambo yalikwenda vizuri; kila wavu ulipanda umetuna, mwekundu, na watu wakicheka.

Tunaye mtafiti, Ingunn, anayechota mavi ya nyangumi kwa ndoo. Aslak humtania kwamba angesomea kitu kisichonuka. Nilimweleza mlivyoamini nyinyi wawindaji wa nyangumi wa zamani, kwamba nyangumi wakiisha krili watabaki tele, kwa kuwa mlaji hayupo. Akasema ilikuwa kinyume, krili nao walipungua. Mavi yale yana madini ya chuma yanayorutubisha vimea vya baharini, na krili hula vimea hivyo. Kumbe nyangumi alikuwa akila huku akitia mbolea shambani kwake. Nilicheka, kisha nikakukumbuka wewe.

Jumanne asubuhi nilishika zamu, Aslak akiwa nyuma yangu na kahawa yake. Wavu ulikuwa umeanza kushuka nilipoona mvuke mbele, mrefu, umesimama wima, kama ulivyonionyesha kwa mkono pale jikoni. Alikuwa nyangumi wa buluu na mtoto wake, wanakula. Unajua desturi ya hapa: nyangumi wakila, wavu hufuata palepale. Mimi nikaagiza uinuliwe, meli igeuke.

"Wewe vipi, Borghild?" Aslak akauliza. "Wametuonyesha chakula, unawapa kisogo?"

"Hicho ni chakula chao. Tutatafuta kwingine."

"Mzee wako angekuwa ameshawapiga chusa."

"Ndiyo maana nageuza."

Hakutengua amri yangu, maana mwenye zamu haaibishwi mbele ya mabaharia. Lakini baada ya chakula aliniita, akanieleza kwa upole kwamba unahodha atapewa mwingine. Nimeumia kidogo, sikufichi. Ila nalala vizuri, na kazi yangu ya unahodha msaidizi bado ninayo.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Krismasi ile tuliyomzika Mama, ulikunywa ukaniambia jambo ambalo hujalirudia. Enzi za uwindaji ulikuwa juu ya mlingoti, wewe ndiye uliyemwona nyangumi yule jike na kupaza sauti. Walipompasua wakakuta ana maziwa, na mtoto wake akaizunguka meli mpaka giza likaingia. Ulilia.

Baba, safari hii mimi ndiye niliyewaona. Walikula wakashiba, kisha wakaondoka pamoja, mtoto ubavuni mwa mama yake.

Wasalimie Torbjørg na wanawe. Pasaka nitakuwa nyumbani, tutakaa mimi nawe.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Borghild