Kijiti cha Mpingo Ulichonikamatia

Mtani wangu Maganga,

Shikamoo sikupi. Ulikuwa mdogo wangu ulipokuwa hai, na kufa hakukukuza. Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya pikapu ya kijiji hapa Kibuta, mgongo unauma, mikono inanuka dizeli, maana sabuni nayo imekuwa ya kusimuliwa tu. Jana nilikuwa Dutumi kwenye arobaini yako. Nimechoka, mtani, tena si uchovu wa safari. Siku ya kukuzika kuna neno nilitakiwa kulisema na sikulisema, na tangu hapo nalala lakini sipumziki.

Unakumbuka tulivyojuana? Pleti ya klachi ilikwisha kwenye kilima cha Kisarawe, nimepakia korosho za kijiji. Injini inanguruma, gari halisogei. Huku hatukuwa na fundi, nikakufuata Kibaha kwenye gereji ulikofanya kazi, nawe ukaja mwisho wa wiki na mfuko wa spana begani. Ulipoambiwa dereva ni Mzaramo, hata mkono hukunipa.

"Loo! Basi gari halina kosa," ulisema. "Usiku ngoma, mchana usingizi, gia atazijua saa ngapi?"

Nikakujibu kwamba babu zako Wanyamwezi walibeba pembe vichwani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, hebu tuone kama mjukuu ataweza giaboksi moja. Tukacheka, kazi ikaanza. Siku hiyo ndipo utani wa makabila yetu ulipokuwa utani wetu sisi wawili.

Tulichimba shimo chini ya gari. Ukamwaga oili kwenye karai, ukafungua propela, ukashusha stata, ukang'oa mti wa gia kule ndani anakokaa dereva. Tukapitisha gogo kutoka dirisha hadi dirisha, tukateremsha kamba kwenye lile tundu la gia, tukaifunga giaboksi. Wewe juu ukilegeza kamba, mimi shimoni nikiipokea kifuani, huku unaniuliza kama nimeona sasa kwa nini babu zako walikuwa na shingo nene. Chuma kile kilikuwa kizito, Maganga. Kifua kiliniuma wiki nzima.

Kuirudisha ndiko kulikotutoa jasho. Ulinieleza kwamba pleti mpya lazima ikae katikati sawasawa kabla ya kukazwa, la sivyo shafti ya giaboksi haiingii, hata kijiji kizima kisukume. Mjomba wangu alikuwa mchonga vinyago, nami nilikuwa nimeiba kidogo ufundi wake. Nikachukua kipande cha mpingo, nikakichonga mpaka kikaingia kwenye tundu la pleti bila kuchezacheza. Tukalengesha, tukakaza bolti, tukakichomoa, na giaboksi ikaingia kwa msukumo mmoja. Ulikigeuzageuza kile kijiti, ukakiita mkongojo wa Mzaramo. Nikakiweka chini ya kiti cha dereva.

Kisha mama yangu akafariki. Ulikuja kutoka Kibaha ukakuta shangazi zangu wamelia mpaka sauti zimekauka. Jeneza lilipoinuliwa, ukajitupa kifudifudi mlangoni. "Hapiti mtu! Bibi huyu aliniahidi muhogo wa nazi, anaondoka kimyakimya. Mbona mnamsaidia kutoroka?" Shangazi mkubwa ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, na tulipokwenda makaburini vifua vilikuwa vimepungua uzito. Ndiyo kazi ya mtani, nawe uliifanya kama ulivyofanya kazi zako zote, bila haraka. Na kwa kuwa mtani hatoki msibani mikono mitupu, ukaingia kwenye pikapu ukatoka na kijiti changu.

"Nimekikamata," ulisema. "Kikomboe kwa jogoo."

Kitu kilichokamatwa na mtani hakigombewi, na huyo jogoo sikumleta. Kila tulipoonana uliniuliza habari zake, nami nikakwambia bado anaota manyoya. Nilipenda kuulizwa. Ilikuwa sababu ya wewe kuja Kibuta na mimi kupita Kibaha, na giaboksi haikushuka tena miaka yote hiyo.

Mwaka huu pleti ikaisha tena. Wewe ulikuwa umeshaacha gereji, umerudi shambani kwenu Dutumi, na ukaleta salamu kwamba unaumwa lakini si sana. "Shusheni," ulisema. "Nikiinuka nakuja na mkongojo wako. Jogoo awe tayari." Nikaamini. Nikahangaika kupata pleti iliyotumika, maana mpya hazionekani kama vile sukari isivyoonekana, tukaishusha giaboksi, tukaifunika kwa gunia, nikakungoja.

Badala yako akaja Mzee Selemani, karani wa korosho, asubuhi, juu ya baiskeli kutoka Kisarawe. Aliniambia nikae kwanza. Sikukaa.

"Maganga ametutoka, Kibwana. Wanazika leo hukohuko Dutumi. Wamesema watamngoja mtani wake, lakini mwisho alasiri."

Gari jingine kijijini halikuwepo, na waliokuwa na magari vijiji vya jirani hawakuwa na mafuta. Dutumi ni mbele ya Mlandizi, si mahali pa kufika kwa baiskeli kabla ya alasiri. Ikabidi giaboksi irudi. Watu hawakukosekana: gogo lilikuja, kamba ikaja, hata wazee walivua kanzu. Kilichokosekana ni kile kijiti, nacho kilikuwa nyumbani kwako. Nililengesha kwa jicho. Tukainua, tukasukuma, ikagoma. Tukashusha. Nikachonga tawi la mpera, mti mbichi ukapinda, ikagoma tena. Adhuhuri iliadhiniwa nikiwa shimoni, oili machoni, nakutukana matusi yote ya utani ninayoyajua na mengine si ya utani. Mwisho nikakata mpini wa jembe la mke wangu, mkavu, nikauchonga. Ikaingia.

Alasiri ilinikuta njiani. Nilipofika kwako jua lilikuwa linazama na watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakijipangusa udongo.

Mkeo, Mama Hadija, alikuwa amekaa mkekani. "Tumekungoja, shemeji," aliniambia. "Mashehe wakasema maiti haicheleweshwi. Tangu asubuhi hakuna aliyetuchekesha. Hebu sema neno."

Mtani, sikuwa nalo. Nilifungua mdomo ukatoka upepo. Akaniletea maji ninawe mikono, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Alikuwa ameshika kijiti changu cha mpingo.

"Alisema ukija bila jogoo nisikupe," alisema. "Lakini we chukua tu."

Nikalia. Mtani mzima nikalia msibani kwa mtani wangu, mbele ya watu walionitegemea niwachekeshe. Niliondoka nikiwa nimeinamisha kichwa, na aibu ile ndiyo niliyokuwa nailalia mpaka jana.

Jana nilimleta jogoo. Mwekundu, mwenye kelele, ungempenda. Baada ya kisomo nikasimama naye uani, nikasema:

"Jamani, muoneni Mnyamwezi! Ukoo mzima wapagazi, wamebeba mizigo ya watu tangu enzi za mababu. Yeye kabebwa mara moja tu maishani, na siku hiyo kanifichia kijiti, ili Mzaramo asimwone akibebwa!"

Watu wakamgeukia mfiwa. Halafu Mama Hadija akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio, na dada yako akanambia ndiyo mara ya kwanza kumsikia analia tangu ufe. Wakamwacha alie. Mimi nikakaa chini, nikajisikia mzee.

Kijiti sikurudi nacho. Nilimkabidhi binti yako Hadija, kwa kuwa utani unarithiwa, nikamwambia amekikamata yeye sasa. Asikitoe. Siku akisikia Kibwana wa Kibuta amekufa, aje nacho, alale mlangoni kwangu, adai jogoo wake kwa sauti kubwa. Ameniuliza je, klachi ikiisha kabla ya hapo? Nimemwambia kipande cha mpini wa jembe kipo chini ya kiti, kitanitosha.

Nakuacha, mtani. Tua mzigo, hakuna tena wa kukuhesabia safari. Mimi naingia shimoni kukaza bolti zilizolegea njiani, na kule juu kwenye kamba hakuna mtu.

Mimi mtani wako,
Mzaramo wa kamba ya chini