Nani Atanishikia Chuma Ndani ya Mkia?

Mpendwa Bi Verna,

Naomba unisaidie kabla hasira haijanifanya mjinga. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nilianza na mashine ya kuazima na leo nina karakana yangu hapa kaskazini mwa Iowa, sikubebwa na mtu, na ndege yangu ya viti viwili niliiunda mwenyewe gerejini, yaani mimi na mdogo wangu Orrin, miaka saba, ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, elfu kumi na moja na ushee, na kila ribiti ilitaka watu wawili, mimi nje na nyundo ya upepo, yeye amejikunja ndani ya mkia na kipande cha chuma cha kukingia ncha ya ribiti, kwa sababu yeye ni mwembamba kama ufito na mimi, basi, nakula vizuri. Hatukuonana wala kusikizana kwa kelele, kwa hiyo tulisemezana kwa kugonga bati: akigonga mara moja, ribiti imekaa, mbili, piga tena, tatu, imeharibika, itoe. Theluji imefika dirishani, kahawa iko kwenye chupa, na sisi tunagongeana tu. Siku moja akagonga mfululizo nikadhani amekwama, nikatupa nyundo nikimwita, kumbe anapiga mdundo wa polka, ile ngoma aliyoipenda marehemu baba.

Tukaja kugombana kwa antena ya redio. Yeye alitaka ikae tumboni mwa ndege, na bati la kuimarisha kwa ndani. Mimi nilitaka mgongoni, nikaifunga peke yangu siku hayupo, bila bati. Redio ikawa haisikiki hata maili kumi. Basi siku ya kula chapati za maji uwanjani na marubani wenzetu, akasimama mbele ya wote: "Jamani, ndege ya kaka ni bubu! Inapaa kama malaika, haina ulimi!" Watu wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Nikamwambia, "Basi nenda kaunde yako inayosema." Miaka mitatu sasa hatusemezani, na aliyekosa ni yeye.

Sasa mgongo umepasuka pale kwenye kitako cha antena, ufa wa urefu wa kidole gumba. Lazima niihamishie tumboni na bati la ndani, ribiti kumi na mbili. Nimefikiria zile ribiti za kuvuta, za mtu mmoja. Mke wangu ananiambia, "Mwite mdogo wako, mzee, acha ukaidi." Nimwite mimi, niliyechekwa? Bi Verna, nitumie ribiti gani?

Wendell

*

Wendell,

Pole kwa ufa, na pole kwa kuchekwa. Orrin alikosa, utani ule ulikuwa wa gerejini, si wa mezani pa watu. Lakini wenzako walishazimeza chapati zile, wewe bado unazitafuna.

Marehemu mume wangu aliunda ndege mbili, na aliyejikunja mkiani ni mimi, kwa hiyo usinizunguke. Ribiti za kuvuta zinatosha kabisa kwa bati la antena, na wewe unalijua hilo. Ungekuwa na shida ya antena tu, ungemaliza Jumamosi moja na gazetini tusingekusikia. Umechoka kukaa na bati lisilokujibu, bwana.

Kwanza, usiirushe ndege. Toboa kitundu kwenye kila ncha ya ufa usiendelee, kisha utie kiraka. Kata bati la ndani, na pale kitakapokaa kitako kwaruza rangi mpaka pang'ae, antena iguse bati tupu, la sivyo utakuwa bubu tena. Halafu chukua kile kipande cha chuma, najua hujakitupa, ukipeleke kwa Orrin mwenyewe. Usimpigie simu, kwenye simu utamkaripia. Kiweke mezani kwake useme, "Tumboni, kama ulivyosema. Ribiti kumi na mbili." Ukiongeza neno utaharibu.

Akishaingia mkiani, kama bado anaenea, piga kazi. Akigonga tatu, itoe bila kubisha. Na akianza ile polka ya baba yenu, weka nyundo chini, umwache amalize.