Uliyemnyonyesha Alikuja Harusini

Mpendwa Mama Zuhura, mama mwenzangu,

Harusi imekwisha. Masufuria yamerudi kwa wenyewe, viti vya kukodi vimebebwa, na miguu yangu imevimba kwa kusimama jikoni siku mbili. Zuhura wetu ameolewa, shoga yangu. Nimekaa hapa kibarazani kwenu, Nyasubi ya Kahama, pale pale tulipokuwa tunatandika mkeka wetu, nikaona si haki watu wote tule pilau halafu wewe usipate hata habari. Wewe ambaye ulikuwa hutaki kupitwa na habari hata ya kuku wa jirani!

Nakuandikia barua ya wazi makusudi, na wengine waisome. Kuna neno ulilisema zamani, na tangu ulipofariki nilikuwa na hofu moja tu, kwamba neno lile litazikwa nawe. Nitakueleza lilivyokuwa, ila nitaanzia mbali, maana watakaosoma hawatujui.

Tulikuwa wapangaji wa nyumba moja, mlango kwa mlango. Wewe na mumeo mmetoka Tanga na marobota ya kanga, mimi nimetoka Mhunze na kibegi kimoja na mimba ya kwanza. Mume wangu alikuwa Segese kwenye mashimo ya dhahabu, nikimwona leo namwona tena mwezi ujao. Wewe Zuhura wako alikuwa mchanga. Siku ya kwanza ulinisikia nikisalimiana na mtu wa kwetu kwa Kisukuma ukauliza, "Mnagombana?" Nikakwambia hapana, tunaulizana habari za ng'ombe. Ulicheka mpaka Zuhura akaachia ziwa akakutazama.

Mabula alipozaliwa, wewe ndiye uliyenifundisha kunyonyesha. Mimi nilidhani ni kumwekea mtoto mdomoni, basi. Nilikuwa nampa chuchu tupu, chuchu inachanika, nauma meno kila anaposhika. Ulikuja ukanivuta bega bila hata hodi. "Mpe ziwa, usimpe chuchu! Mwache afungue mdomo kama anapiga miayo, kisha umlete yeye kwako, usiinamie kama unachuma mchicha." Ukanipikia uji wa pilipili manga, nikatoka jasho mpaka kwenye nyayo. Mimi nikakupa michembe ya mama mkwe wangu, vile viazi vikavu vya kwetu, niliyoichemsha na karanga. Ulitafuna kipande cha kwanza ukaniuliza kama tunakula na magome. Wiki iliyofuata ukawa unaiulizia mwenyewe.

Zile asubuhi, Mama Zuhura! Tumekaa mkekani, kila mmoja na wake kifuani, tunasengenya mtaa mzima, watoto wanameza kwa sauti. Mabula alikuwa ananyonya huku kanishika kidole. Mimi sijawahi kuwa na raha ya namna ile tena, na nina nyumba yangu sasa na bati la rangi.

Kisha ziwa langu la kushoto likashikwa. Lilianza kwa uvimbe mdogo, nikalikanda maji ya moto, likawa gumu, jekundu, linachoma. Homa ikapanda. Hospitali wakasema ni jipu, linapasuliwa. Wakalipasua. Daktari alisema Mabula anyonye la kulia, lakini homa ilikuwa imelikausha hilo nalo. Mtoto anavuta, hapati kitu, analia. Maziwa ya kopo kikombeni aliyatema. Kwa kijiko aliyatema. Mama mkwe wangu kasimama pembeni anasema "mayu, mayu," mama, mama, kama vile kuna mama mwingine wa kumwita. Sauti ya Mabula ikaanza kukauka. Sitaki kukumbuka zaidi ya hapo.

Ndipo ukaingia wodini na Zuhura mgongoni. Ukatoa kadi yako ya kliniki ukamwonyesha nesi kwanza, kisha ukaniwekea mimi kitandani. "Nimepima, ni mzima, soma mwenyewe." Nesi alipoitikia, ukakaa. Nikadhani utampokea mtoto. Wapi! Ukaanza hotuba.

"Mama Mabula, sikiliza. Kwetu nikimnyonyesha huyu, amekuwa mwanangu. Si mwanangu wa kusema tu. Ni ndugu yake Zuhura wa ziwa moja. Hawezi kumwoa Zuhura mpaka kiama. Baba Zuhura nimeshamuuliza, amesema mwanao ni wake. Na wewe unakubali?"

"Ana mwezi mmoja na nusu unamzungumzia kuoa?"

"Atakua huyu. Sema unakubali."

"Nakubali, jamani, mpe!"

Ukampa. Alishika mara moja, kakodoa macho, anameza kama anafukuzwa. Mama mkwe akakaa chini sakafuni, akalia. Na mimi nitakwambia leo ambacho hukuniuliza: furaha na wivu vilinijaa kifua kizima, sikujua kipi ni kipi. Ukainua kichwa ukasema, "Mlafi huyu! Ni mwanangu kweli." Ndilo neno lenyewe. Huyu ni mwanangu.

Habari zikafika Mhunze kwamba mjukuu hana maziwa. Unawajua Wasukuma, hakuna jambo lisilotibiwa na ng'ombe. Nilipotoka hospitali nikakuta lori limesimama nje, na baba mkwe anashusha ng'ombe na ndama wake kwenye ua wa nyumba ya kupanga! Mwenye nyumba anapiga kelele, watoto wa mtaa wanashangilia, ng'ombe keshakula kanga yako kwenye kamba. Ulitoka na watoto wawili, mmoja huku mmoja kule, ukamwamkia mzee kwa adabu zote, kisha ukamwambia, "Baba, ng'ombe naye ana mwanawe. Huyu wetu ana mama wawili, tumwache ndama na mama yake."

Mzee alikutazama wee. Mabula alikuwa anacheua kwenye bega lako. Akasema, "Wabeja, mayu," asante, mama, akavua kofia. Sijawahi kumwona akimvulia mwanamke kofia. Akataka ng'ombe akuachie wewe. Ukakataa. "Maziwa niliyompa mwanangu hayana malipo. Rudi naye, baba. Zuhura akiolewa, kaka yake atamletea ng'ombe wa harusi." Lori likageuzwa. Mwenye nyumba akapumua.

Ulikuwa hunionei huruma lakini. Kila ukimaliza kumlisha Mabula unamleta kwangu, "Mweke." Nakwambia hakuna kitu humo. "Mweke hivyo hivyo, avute. Mimi si kisima chako." Nilikuwa nakuona mkorofi. Mpaka siku moja umekwenda dukani kwa mumeo, Mabula amelala, mimi nafua. Zuhura akaamka akalia. Akalia tu, na mimi nikasikia ziwa la kulia linawasha, linajaa, gauni likalowa. Niliacha nguo kwenye beseni na mapovu yake. Nikamchukua Zuhura, nikampa. Ulirudi ukatukuta hivyo, mimi nalia, mwanao anashiba. Ulitua mfuko wa mchele, ukapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka wapangaji wakatoka kuuliza nani kajifungua.

Basi wakakua. Mwezi wa Ramadhani Mabula alikuwa wa kwanza kwenye futari yako, na kufunga hajafunga hata saa moja. Krismasi Zuhura alikuwa na gauni lililoshonwa kwa kitambaa kimoja na shati la Mabula. Ukimtuma yeye unamtuma na huyu, ukimchapa yeye unamchapa na huyu. Kisha ukaugua, ugonjwa usiokaa sana, ukatuacha. Mabula alitoka Segese, siku hizi ni fundi wa mashine za kusaga mawe huko, akakaa na Baba Zuhura siku zote za matanga. Watu walidhani ni jirani mwema tu. Nami hofu ikaniingia hapo. Wewe ndiye uliyekuwa unasema "mwanangu" kwa sauti. Baba Zuhura unamjua, maneno anayapima kama kitambaa, na hapunguzi wala hazidishi.

Sasa harusi. Wifi yako mkubwa amekuja kutoka Tanga, dada yake Baba Zuhura, mwanamke wa shoka. Alikuwa hajatia mguu Kahama tangu mhamie. Siku ya hina tumekaa chumbani, wanawake watupu, Zuhura nywele wazi, mikono imechorwa mpaka kwenye kiwiko, na wawili wa upande wa bwana harusi wamo wanaangalia kila kitu. Mara mlango unafunguliwa. Mabula! Vumbi la Mhunze mwili mzima, buti miguuni. "Dada, nimemleta!" Anamsema ng'ombe. Zuhura akaruka na hina yake mbichi, akamkumbatia.

Loo! Shangazi alirusha kanga kumfunika Zuhura kama anazima moto. "Mwanaume! Mwanaume anaingia kwa bibi harusi, na bibi harusi anamkumbatia! Wewe kijana ni nani?" Wale wawili wakatazamana. Nikaona harusi ya mtoto wetu inaungua mbele yangu. Zuhura akasema, "Shangazi, huyu ni ndugu yangu. Tumenyonya ziwa moja." Shangazi akauliza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo ya kuogopa, "Nani anasema?"

Aliyesema ni wewe, na wewe hupo. Nilisimama. Nikasema, mimi ndimi mama yake, nilikuwa kitandani, niliona. Mama mkwe wangu, mzee kabisa sasa, akasema kutoka pembeni, na mimi niliona. Shangazi akanikazia macho. "Kunyonya mara moja si kitu. Zinatakiwa mara tano, na kila mara ameshiba. Mara tano zilitimia?"

Mama Zuhura, nisamehe, kicheko kilinitoka. "Shangazi, mara tano zilitimia siku ile ya kwanza. Alikuwa mlafi, marehemu mwenyewe alisema."

Hakucheka. Akatuma Baba Zuhura aitwe. Alikuja akasimama nje ya mlango, dada yake akamuuliza kupitia pazia. Nilikuwa namwomba Mungu, Baba Zuhura leo aongeze hata futi moja ya maneno. Akasema, "Marehemu aliniomba ruhusa kabla hajampa ziwa. Nikamwambia, mpe, mwanao ni wangu. Yule ni mwanangu." Akaenda zake kuangalia ng'ombe.

Shangazi akakaa. Akaikunja ile kanga taratibu, akaiweka mapajani. Kisha akamwangalia Mabula, juu mpaka chini, buti na vumbi.

"Njoo hapa. Unanijua mimi?"

"Hapana, mama."

"Mama gani! Baba yako ndiye kaka yangu, mimi ni nani wako? Umefika nyumbani, umempita shangazi yako, umekimbilia kwa dada yako. Shikamoo yangu iko wapi?"

Mabula wetu, jitu zima, akainama mpaka goti likagusa mkeka. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vua hayo mabuti, unatuchafulia mkeka."

Nilitoka nje nikalilia jikoni, moshi ukanisitiri. Sikulia kwa huzuni, usidhani.

Ng'ombe alichinjwa na watu wa msikitini, akatosha na akabaki. Ni wa uzao wa yule yule aliyekula kanga yako, baba mkwe aliutunza mpaka anafariki. Mume wa Zuhura ni mpole, anacheka kwa macho. Na mimi nimezeeka kidogo, shoga yangu. Maziwa haya yaliyotutesa na kutustarehesha yameshuka, yanakaa kimya, yamefanya kazi yake. Nikioga nayatazama, kovu la jipu lipo, nami nayapenda hivyo hivyo. Nimeridhika.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia ua wenu nikasikia sauti ya Tanga inaita kutoka ndani, kali, ya kuvuta, "Mabulaa! We Mabula! Unalala mpaka saa hizi, nani atanipeleka stendi?" Na Mabula anajibu kwa usingizi, "Naam, shangazi, nakuja." Niliegemea fagio nikasikiliza. Mwanao anaitwa, mwenzangu. Anaitwa kama anavyoitwa mtoto wa nyumbani.

Lala salama. Nikichemsha michembe nitakutengea.

Mama mwenzako wa ziwa moja,
Mama Mabula