Mikono Aliyoninyooshea

Shikamoo Baba,

Natumai baridi ya Wundanyi haijakuzidi. Huku Likoni ni joto tupu, hata mahamri ya asubuhi nayala kwa maji badala ya chai.

Nimeanza mazoezi ya ushauri nasaha, yale ya mwisho kabla ya shahada ya pili. Shule niliyopangiwa imenipa chumba ambamo zamani wanafunzi walikuwa wakichapwa. Nilitoa meza, nikaweka viti viwili, nikafungua madirisha, nikadhani yametosha.

Jana aliletwa msichana wa kidato cha pili. Hasemi darasani tangu mama yake aende Uarabuni kufanya kazi. Nikamwambia, "Karibu mwanangu, keti." Hakuketi. Alifumba macho, akaninyooshea viganja vyote viwili.

Miaka miwili ya masomo, Baba, nikaiweka kando. Nilivishika tu. Vilikuwa baridi, na joto lote hili. Tukasimama hivyo mpaka akafumbua macho.

"Hunichapi, mwalimu?"

"Sikuchapi."

Ndipo akaketi, akaanza kunieleza habari za mama yake.

Nikaikumbuka fimbo yako juu ya kabati. Sikuandikii kukulaumu, najua nawe ulilelewa hivyo. Ila nilipokuwa na umri wake, mimi pia nilikuwa nafumba macho.

Vaa sweta jioni, na dawa ya presha usiiache. Nikija Desemba nitakunyooshea mikono. Naomba uishike.

Mwanao,
Wakesho